Namna ya Kuandika Maisha ya Mtu wa Kawaida Ndani ya Historia ya Karne ya 20

Wengi wanaoandika maisha ya wazazi au mababu zao huanza na vita na mikataba, kisha humtafutia mhusika pa kusimama katikati yake. Anza na mtu mwenyewe. Kabla ya kufungua kitabu chochote cha historia, orodhesha aliyoyapitia, yaani kuzaliwa, masomo, kazi ya kwanza, ndoa, misiba na kuhama, na kando ya kila jambo andika umri wake, hata kama ni wa kukisia.

Matukio makubwa yatakufaa kwanza kwa kupata tarehe. Mama anayekumbuka kwamba alikuwa mjamzito aliposikia redioni kuwa binadamu amekanyaga Mwezi, Julai 1969, amekwisha kukuambia kwamba mtoto huyo alizaliwa kabla ya Mei 1970, na sasa unajua cheti ukitafute wapi. Hata mwili hutunza kumbukumbu: kovu la chanjo ya ndui begani mwa kaka, ambalo mdogo wake hana, huenda likaonyesha ni nani aliyezaliwa chanjo ikiwa imekwisha kuachwa, kwani ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Jihadhari na kalenda pia. Urusi ilipobadili yake mwaka 1918, siku iliyofuata Januari 31 ilikuwa Februari 14, kwa hiyo barua mbili zinazoonekana kupishana zinaweza zote kuwa sahihi.

Katika mahojiano, usimuulize mtu aliuonaje mfumuko wa bei. Swali hilo humfanya akurudishie maneno ya magazeti. Muulize alikwenda sokoni na nini mkononi. Ujerumani, Novemba 1923, dola moja ya Marekani ilifikia mark trilioni 4.2, na tarakimu hiyo, kwa jinsi ilivyo kubwa, haimwambii msomaji lolote mpaka amwone mfanyakazi aliyelipwa asubuhi akikimbilia dukani na furushi la noti kwa sababu jioni halitatosha kununua mkate. Mimi huuliza habari za viatu, foleni na taa. Mara chache nimetoka mikono mitupu.

Unapoandika, usimpe mhusika ujuzi wa baadaye. Mwanamke aliyefiwa na mume vitani mwaka 1916 hakujua kwamba vita hivyo vingekuja kuhesabiwa kuwa vya kwanza. Kwake vilikuwa vita tu, na vilikuwa bado havijaisha.

Mwisho, vumilia pale historia na maisha yanapokataa kukutana. Ikiwa usiku wa Novemba 9, 1989, Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa, mhusika wako alikuwa akimuuguza mama yake, andika homa ya mama yake, na Ukuta upewe sentensi moja au usitajwe kabisa.