Somo: Kwa nini droni za kamera huanguka, na namna ya kuikagua yako kabla ya kuirusha

Kila msimu wa harusi unapokwisha, hupata ujumbe kutoka kwa wapiga picha wenzangu wakilalamika kwamba droni "imetoroka". Neno hilo silipendi, kwa sababu linaitwika mashine kosa ambalo mara nyingi si lake. Droni ya mota nne haielei kama puto. Inakaa angani kwa kuwa kompyuta yake inarekebisha mwendo wa kila mota mara mamia kwa sekunde, ikitegemea taarifa za dira, setilaiti na vihisi vyake. Taarifa moja ikiwa ya uongo, itautii uongo huo mpaka ijigonge ukutani. Ndiyo maana somo hili linahusu zaidi dakika kumi za chini kuliko dakika ishirini za angani.

Hatua ya kwanza: betri

Itoe betri, uiweke juu ya meza iliyo sawa, kisha uibonyeze pembeni kwa kidole. Ikibembea, imevimba, na betri iliyovimba haikai vizuri katika nafasi yake: komeo linaonekana limefunga, lakini halijashika mpaka mwisho, na mtetemo wa mota humalizia kazi iliyobaki. Jambo hili limewahi kuwapata hata watengenezaji wakubwa. Mwaka 2016 kampuni ya GoPro ilitoa droni ya Karma, na baada ya wiki mbili tu ikaziita zirudishwe zote, takriban 2,500, kwa kuwa baadhi yake zilikuwa zikizimika angani. Tatizo lilikuwa komeo la betri. Kwa hiyo sukuma betri mpaka usikie mlio wa komeo pande zote, halafu jaribu kuivuta. Isitikisike.

Kisha fungua ukurasa wa betri katika programu, usome volti ya kila seli badala ya kutazama asilimia peke yake. Seli ya kawaida ya lithiamu iliyojaa husoma volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 huanza kuharibika. Kinachoiangusha droni ni seli moja iliyo dhaifu kuliko wenzake: skrini inakuonyesha asilimia 30, unavuta kasi kupambana na upepo, seli ile inaporomoka ghafla, na droni inaanza kutua yenyewe popote ilipo, hata kama ni juu ya bahari. Mimi, seli zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.1 baada ya kuruka, betri hiyo huibakiza kwa mazoezi ya uwanjani tu. Usiihifadhi ikiwa imejaa. Nusu au zaidi kidogo inatosha. Na kuiacha ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Dar es Salaam ni kuiua polepole.

Hatua ya pili: propela

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila propela na uchunguze shina lake, kwa maana ufa huanzia hapo. Propela mbili huzunguka kulia na mbili kushoto, na zimewekewa alama. Ukizichanganya, droni itapinduka palepale inapojaribu kuinuka. Yenye ufa usiigundishe. Itupe.

Hatua ya tatu: mahali pa kurukia

Nilijifunza hatua hii kwa gharama. Nilirusha droni kutoka kwenye paa la zege la jengo la ghorofa nne, bibi harusi akiwa chini anasubiri. Iliinuka vizuri, ikasimama, halafu ikaanza kuchora duara ambalo lilipanuka kila mzunguko, na mimi nikisukuma rimoti kulia yenyewe ikielekea mbele. Duara la nne lilikomea kwenye tangi la maji. Nondo zilizomo ndani ya zege zilikuwa zimeidanganya dira ilipokuwa chini. Ilipopanda mita chache nondo zikapoteza nguvu, dira ikasema jambo lingine, setilaiti zikasema la tatu, na kompyuta ikabaki ikisahihisha kosa kwa kosa.

Basi kaa mbali na zege lenye nondo, magari, mabati na makaravati. Kipimo rahisi ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: kabla ya kuruka, tazama mshale wa droni kwenye ramani ya skrini, kisha tazama pua ya droni yenyewe. Mshale ukielekea baharini na pua ikielekea barabarani, usiruke; hama. Usiisawazishe dira papo hapo, kwa sababu utakuwa unaifundisha ule uongo.

Ufukweni, tandika mkeka. Ndani ya mota mna sumaku, na mchanga wenye chembe za chuma huzing'ang'ania na kukwaruza zaidi kuliko vumbi la kawaida.

Hatua ya nne: pa kurudi

Usiinue droni mpaka programu ikuthibitishie kwamba imehifadhi mahali pa kurudi, yaani pale itakaporejea yenyewe ikipoteza mawasiliano na rimoti. Kimo cha kurudi kizidi kitu kirefu kuliko vyote katika eneo: mnazi hufikia mita 30, na mnara wa simu huupita mnazi. Anayerushia ndani ya boti akumbuke kwamba droni itarudi pale boti ilipokuwa, yaani majini.

Hatua ya tano: upepo

Chukua droni yenye uwezo wa mita 10 kwa sekunde hewa ikiwa tulivu. Upepo wa mita 7 ukiisukuma, kilomita moja ya kwenda inaweza kuchukua dakika moja tu. Wakati wa kurudi imebakiwa na mita 3, na kilomita ileile itakula zaidi ya dakika tano na nusu. Ukiwa Forodhani, Unguja, wakati wa kusi, upepo unatoka nyuma yako juu ya mapaa ya Mji Mkongwe na kuelekea baharini, nawe husikii kitu kwa kuwa majengo yamekukinga. Kwa hiyo panda kwanza, simama angani, utazame droni imeinama kiasi gani ili isisogee. Inapowezekana, anza safari kwa kuukabili upepo.

Maswali ya wanachama

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Yangu ina vihisi vya vizuizi, lakini iligonga waya wa umeme. Je, ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Si lazima iwe mbovu. Waya na vijiti vyembamba havionekani vizuri kwa vihisi hivyo, jioni hali huzidi, na katika hali ya mwendo kasi droni nyingi huvizima kabisa.

Swali (Mombasa): Ndugu mwalimu, nikiishusha wima kwa kasi hutetemeka kisha huzama ghafla. Mota zimechoka?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Inaingia katika hewa iliyovurugwa na propela zake yenyewe, na kuongeza nguvu pekee huenda kusisaidie. Isogeze mbele au pembeni itoke humo, na siku zote shuka kwa mshazari.

Swali (Mwanza): Je, nikinunua ya mota sita nitakuwa salama zaidi?

Jibu: Kwa kiasi. Ya mota nne ikipoteza mota moja kwa kawaida huanguka, ilhali ya sita, kama haikulemewa mzigo, inaweza kutua. Lakini zote mbili huangushwa na betri moja mbovu au dira moja iliyodanganywa kwa namna ileile.

Swali (Bagamoyo): Mwalimu, ya kwangu imeingia baharini leo asubuhi, nimeitoa, imekauka. Niiwashe?

Jibu: Usiiwashe, tafadhali. Toa betri sasa hivi na uiweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, wala usiichaji tena kamwe. Droni yenyewe isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara kadhaa, kwa sababu chumvi iliyokauka ndiyo inayokula mbao za saketi, kisha umpelekee fundi aifungue ikiwa bado mbichi.