Mtoto akiharisha: maji ya chumvi na sukari, na sababu ya kutoiacha sukari

Wazazi wengi mtoto akiharisha wanampa maji matupu, wengine wanatia chumvi tu wakiogopa sukari itazidisha, hapana jamani, sukari ndo inayofanya kazi. Utumbo mdogo, kwa mtu mzima unafika mita 6 hivi, ndani umejaa vijidole vidogo mno vya nyama vilivyosimama kama manyoya ya zulia, na kwenye seli zake kuna vipitishio vinavyoingiza chumvi na glukosi (sukari ikishavunjwa tumboni) kwa pamoja, vikishaingia maji yanafuata. Hata kwenye kipindupindu, mtu anamwaga maji tu, vipitishio hivyo bado vinafanya kazi, ndo maana ORS, yaani maji haya ya chumvi na sukari, imeokoa watu wengi sana.

Pakiti ya ORS ya duka la dawa ndo bora, soma imeandikwa maji kiasi gani. Huna? Lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Pitisha kisu juu ya kijiko kiwe flati, chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, onja kwanza, isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo, akitapika subiri dakika 10 halafu endelea taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Zinki, madini anayopewa mtoto anayeharisha, nayo waulize kituo cha afya. Macho yakizama ndani, akilegea, akishindwa kunywa au choo kina damu, mkimbize hospitali, na kama anaweza kumeza endelea kumpa njiani.