Kofia ya kitabuni ikae kichwani: namna ya kutumia vitabu vya kofia za kroshia, za watoto na za wakubwa

Kabla ya kulipia kitabu cha kofia za kroshia, kifungue penye maelekezo ya kofia moja kamili utafute vitu vitatu: mzunguko wa kofia ikishaisha, idadi ya mishono inayoingia kwenye sentimita 10, na sindano ya milimita ngapi imetumika. Kitabu kinachoandika "ya mtoto" na "ya mkubwa" bila vipimo hivyo kiache, hata picha zake zivutie vipi. Tena angalia kama kuna picha ya kofia iliyopigwa kwa juu. Kofia iliyovalishwa haionyeshi utosi wake, na kofia nyingi huharibikia utosini.

Ukishakipata, jua kwanza kimetoka Marekani au Uingereza, kwa sababu nchi hizo mbili zinatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Kwa Wamarekani, sc (kifupi cha single crochet) ni mshono mfupi: unaingiza sindano, unavuta uzi, na vitanzi viwili vikiwa kwenye sindano unapitisha uzi kwenye vyote kwa mara moja. dc (double crochet) ni mrefu: unazungusha uzi kwenye sindano kwanza, unaingiza, unavuta, unapata vitanzi vitatu, kisha unapitisha uzi kwenye viwili, halafu kwenye viwili vilivyobaki. Sasa, Mwingereza ule mfupi ndio anaouita dc, na mrefu anauita tr (treble). Herufi sc hazimo kwenye maelekezo ya Uingereza, kwa hiyo ukiziona, kitabu ni cha Marekani. Ukikuta neno tension badala ya gauge (idadi ya mishono kwa sentimita 10), au miss badala ya skip (ruka mshono), ni cha Uingereza.

Ukichanganya, utosi utakuonyesha mapema. Mshono mrefu huanza kwa kawaida na mishono 12 katikati, na kila mzunguko unaongeza 12: 12, 24, 36, 48, 60, 72. Mshono mfupi huanza na 6 na kuongeza 6. Ukifuma mirefu kwa hesabu ya mifupi, utosi unajikunja kama bakuli kabla ya mzunguko wa nne. Ukifuma mifupi kwa hesabu ya mirefu, unapata mawimbi pembeni na haulali chini hata ukiupiga pasi. Hapo usiendelee ukitumaini utajirekebisha. Fumua, urudi kwenye ukurasa wa vifupisho. Kama mishono ni sahihi na bado utosi unajikunja, mkono wako unakaza: panda sindano kwa nusu milimita. Ukiwa na mawimbi, shuka.

Namba za sindano nazo zina mtego. Sindano ya milimita 5 Wamarekani wanaiandika H-8, na vitabu vya zamani vya Uingereza vinaiita namba 6. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, na kwao namba ikizidi kukua sindano inazidi kuwa nyembamba. Fuata milimita zilizochongwa kwenye sindano yenyewe.

Kuna vitabu, hasa vya Japani, vinavyotumia michoro ya alama. Usiviogope. Duara dogo ni mshono wa mnyororo, msalaba au alama ya x ni mshono mfupi, herufi T yenye kistari kinachokatiza mguu wake ni mshono mrefu, na nukta nyeusi ni mshono wa kuunganisha. Unaanzia katikati ya mchoro kwenda nje. Mchoro wa namna hii hauhitaji lugha, na kwa anayeanza ni salama kuliko maneno.

Kazi ambayo wengi wanairuka ni kipande cha majaribio. Fuma mraba wa sentimita 15, uufue, uukaushe ukiwa umelala, kisha hesabu mishono ya sentimita 10 za katikati, maana kingo huvutana na kudanganya. Tuseme kitabu kinataka mishono 14 kwa sentimita 10 kwa sindano ya milimita 5, na kofia ina mishono 72 kuizunguka. Gawa 72 kwa 14, zidisha kwa 10: sentimita 51, kofia ya mtu mzima inayobana kidogo. Wewe ukipata mishono 16, mishono 72 hiyohiyo inatoa sentimita 45. Umefuma kofia ya mtoto bila kukusudia, na uzi umekwisha. Jaribu sindano ya milimita 5.5, ukikosa jaribu ya 6, mpaka 14 zitimie.

Umri ulioandikwa kitabuni ni wa kukisia tu. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na masikio, ipite sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Kwa makadirio, mtoto mchanga ana sentimita 34 hadi 36, wa mwaka mmoja 45 hadi 47, wa miaka mitano 50 hadi 52, na mkubwa 54 hadi 60. Kwa uzi wa sufu au akriliki, unaovutika na kurudi, toa sentimita 2 au 3 kwa mtoto, 3 hadi 5 kwa mkubwa. Uzi wa pamba haurudi. Toa 1 au 2 tu, na tarajia kofia irefuke kidogo ikifuliwa. Kinachobaki ukigawe kwa 3.14 upate upana wa utosi. Kichwa cha 56, ukitoa 4 inabaki 52, utosi ni kama sentimita 16.5. Ukifika hapo acha kuongeza mishono, fuma kwenda chini moja kwa moja.

Jambo ambalo vitabu hivi haviligusi ni nywele zetu. Mwenye rasta, mabutu au nywele za kusuka zilizofungwa juu apimwe akiwa na mtindo atakaovalia kofia. Mara nyingi kinachopungua ni kina, si mzunguko, kwa hiyo ongeza sentimita 3 hadi 5 kwenye urefu kabla ya kufuma ukingo. Bitana ya satini inasaidia kupunguza kukatika kwa nywele, ila ikate kwa mzunguko wa kichwa chenyewe, kwa sababu satini haivutiki.

Ukianza kufuma, zungushia penseli saizi yako kila inapotokea. Kitabu kikiandika 48 (60, 72), namba ya kwanza ni ya saizi ndogo, na ukiruka mabano mara moja tu umechanganya saizi mbili kwenye kofia moja. Maelekezo yakisema urudie kutoka kwenye alama ya nyota (*) mara 5, unafanya mara moja kisha unarudia 5, jumla 6; yaliyofungwa kwenye mabano na kuandikwa mara 5 ni 5 tu. Hesabu mishono mwisho wa kila mzunguko wa utosi. Ikikosekana mmoja, mara nyingi ni ule wa mwisho kabla ya kuunganisha, unaojificha.

Kwa watoto wadogo usifuate kila pambo la kitabuni. Kamba za kufunga kidevuni zinaweza kunyonga, na vifungo huishia mdomoni. Kishungi cha juu kishonwe kwa uzi uliopita utosini mara kadhaa na kufungwa kwa ndani, kisha ukivute kwa nguvu kabla ya kumvalisha mtoto.