Somo la mwendo: anzia nje ya darasa

Mimi sianzi na kanuni ubaoni. Pima mita 20 uwanjani, piga alama ya chaki kila mita 5, usimamishe mwanafunzi mwenye saa penye kila alama. Saa zote zianze pamoja, mmoja atembee, kila mwenzake asome muda anapopitwa. Akimaliza kwa sekunde 16, gawanya umbali kwa muda: mita 1.25 kwa sekunde. Huo ndio mwendokasi wake wa wastani.

Sasa arudi alikoanzia. Ametembea mita 40, lakini yuko palepale! Hapa usiharakishe, waache wabishane. Ubishi huo ndio unaowatenganishia urefu wa njia na badiliko la mahali.

Grafu wachore siku hiyohiyo, muda ukilala, umbali ukisimama.