Kabla ya kuhesabu migawanyo ya namba, geuza mchoro

Ukiulizwa namba 10 inagawanyika kwa njia ngapi kuwa jumla ya namba chanya tatu au pungufu, bila kujali mpangilio, usikimbilie kuorodhesha. Ni rahisi mno kuruka moja au kurudia nyingine.

Chora mgawanyo mmoja kwa visanduku. Kwa 5+4+1, weka safumlalo ya visanduku 5, chini yake 4, kisha 1, zote zianzie kushoto. Huo ni mchoro wa Young. Sasa usome kwa safuwima: 3+2+2+2+1. Jumla ni ileile, ila idadi ya safumlalo imegeuka kuwa namba kubwa kuliko zote. Kwa hiyo swali lako ni sawa na kuuliza: 10 inapatikana kwa njia ngapi kwa kutumia 1, 2 na 3 tu?

Hilo ni jepesi. Bila 3 yoyote, unachagua idadi ya 2, kuanzia sifuri hadi tano, na 1 zinajaza kinachobaki: njia 6. Ukiwa na 3 moja, inabaki 7: njia 4. Mbili, njia 3. Tatu, njia 1. Jumla 14. Na ukitaka namba tatu kamili, toa zile 6 za mwanzo (zisizo na 3, ambazo zikigeuzwa zina namba mbili au pungufu), zibaki 8.

Kwa wanaohesabu migawanyo yote: michoro isiyobadilika ikigeuzwa hubaki peke yake, mingine hujipanga jozi. Kwa 10 ipo miwili tu, 4+3+2+1 na 5+2+1+1+1, hivyo jibu lazima liwe shufwa. Ni 42. Ukipata 41, kagua upya.