Usiandike "Tanga" peke yake
Mwenye mgeni anayekuja kwetu, mwambie mapema: akitafuta nyumba ya kulala wageni mtandaoni aandike "Tanga Tanzania", au aongeze mtaa kabisa, Raskazone, Chumbageni, Ngamiani. Neno likiwa tupu litamletea chupi. Ndiyo, chupi! Kwa Wareno na Wajerumani, tanga ni ile chupi ya kamba. Wareno walilitoa kwenye Kimbundu cha Angola, huko lilikuwa nguo ya kiunoni tu, ya heshima zake. Shemeji yangu aliyakuta hayo mbele ya mama mkwe, simu ikazimwa hapo hapo. Kilingala nacho, kotanga ni kusoma. Na sisi tunaosema tanga la jahazi, tukiongeza matanga tumeshaingia msibani.