Kitanzi cha kamba ya Dyneema kwenye winchi ya gari

Kamba nzuri ya Dyneema (nyuzi imara za plastiki) ya mm 10 hukatikia kwenye mzigo wa takriban tani 8 hadi 9. Inauzidi waya wa chuma wa unene huo, na bado huelea majini. Tatizo ni utelezi wake: fundo huila nusu ya nguvu hizo au zaidi, au huponyoka kabisa. Kwa hiyo kitanzi chake hakifungwi. Ncha hurudishwa ndani ya kamba, ambayo ikivutwa huibana.

Tafuta kamba ya mapote 12 isiyo na ganda, pete ya chuma yenye umbo la tone, selotepu, kisu kikali (mkasi wa kawaida utatafuna tu), sindano, uzi imara, na waya mwembamba uliokunjwa katikati.

Ncha izame mara 72 ya unene wa kamba. Kwa mm 10 ni sm 72. Usipunje. Pima urefu huo kutoka mwisho, weka alama A. Zungushia kamba kwenye pete. Pale A inapogusa kamba ndefu weka alama B. Sasa punguza ncha: kata mapote mawili sm 25 kutoka mwisho, mengine mawili sm 20, na hivyo hivyo kila sm 5 hadi yabaki mawili. Ukiiacha butu, unene utabadilika ghafla na kamba itakatikia hapo.

Sukuma kamba ilegee na kufunguka katikati. Ingiza waya sm 75 hivi kutoka B, utokee B, unase ncha, uvute mpaka A na B zikutane. Shika hapo, kisha papasa kamba kwa nguvu kutoka kwenye pete kwenda mbali hadi ncha imezwe. Shona shingo ya kitanzi, pale A na B zilipokutana, mishono ipenye hadi upande wa pili. Bila hivyo kamba ikilegea ncha huchomoka.

Kwenye ngoma ya winchi inayokunja kamba acha mizunguko 8 hadi 10, na kamba uikunje ikiwa na mzigo kiasi, la sivyo tabaka la juu litazama katikati ya la chini. Mdomo wa winchi, pale kamba inapotokea, ukiwahi kutumia waya una makwaruzo: upige msasa au ubadilishe.

Adui mkubwa ni joto. Nyuzi huyeyuka kwenye nyuzijoto 145 hadi 150 hivi, na winchi yenye breki ndani ya ngoma hupata moto ukishusha gari mteremko mrefu. Manyoya juu ya kamba si kitu. Sehemu inayong'aa, ngumu, isiyolainika ukiikunjakunja imeyeyuka: ikate, utengeneze kitanzi upya.